Sadaka ya Dukani

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia kwisha na shule zinapofungwa, nyumba za Muthangari huanza kupokea wageni wa namna moja. Wageni hao ni maboksi. Huletwa na vijana wa pikipiki, ambao hupiga honi langoni, hungoja mlinzi atoke, hukabidhi mzigo, kisha hugeuza pikipiki zao na kushika tena barabara ya Waiyaki kwenda kuchukua mizigo mingine. Zamani mtu aliyetaka kununua zawadi ya Krismasi, ya Idi, ya arusi, au ya mtoto aliyefaulu mtihani, alikwenda mjini kwa miguu yake, akaishika bidhaa, akaigeuza, akabishana na mwenye duka mpaka wakapatana. Siku hizi huichagua kwa kidole juu ya kioo cha simu, hulipa kwa M-Pesa, na shughuli imekwisha. Sina ugomvi na desturi hii. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu. Mshahara wangu hauendi mbio sawa na bei za vitu, na mara nyingi duka la mtandaoni limeniokoa nauli, jua na vumbi.

Ugomvi wangu ni na karatasi moja ndogo, isiyozidi upana wa kiganja. Niliikuta ndani ya boksi lililoletwa chuoni kwetu, imelazwa juu ya blanketi jipya, nayo ilisema kwa herufi za rangi ya dhahabu: "Ahsante. Kwa kununua bidhaa hii umemsaidia mtoto yatima." Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Nilipoisoma mara ya pili nilijiuliza nimemsaidia yatima yupi, kwa kiasi gani, na kwa fedha ya nani. Maswali hayo matatu ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Naona kwamba wanachuo wetu, ambao karibuni watakuwa walimu wenu, na nyinyi wenyewe mnaosoma kitabu hiki, mnakua katika zama ambazo mfanyabiashara amejitolea kutufanyia sadaka zetu kwa niaba yetu, na sisi tumeridhika kumwachia kazi hiyo kama tunavyomwachia kazi ya kufunga zawadi kwa karatasi ya maua.

Nitaeleza kisa chenyewe, ingawa hakinipi sifa. Mkutubi wetu alikuwa anastaafu baada ya miaka mingi ya kutunza vitabu vyetu, na kamati ya wanachuo ilichanga shilingi 6,500 ili kumuaga kwa zawadi. Mimi nilikuwa mlezi wa kamati, yaani mtu ambaye fedha haitoki bila ya sahihi yake. Wanachuo waliona katika duka moja la mtandaoni blanketi zito la watu wawili. Bei yake ilikuwa shilingi 5,800, na chini ya picha palikuwa na ahadi kwamba sehemu 2 katika kila 100 za bei zingepelekwa kwa watoto yatima. Mmoja wa kamati, binti mwenye akili ya biashara kwa kuwa mamaye ni mchuuzi, alisema kwamba blanketi lile lile, la kiwanda kile kile, liko Eastleigh kwa shilingi 4,500. Wenzake walimkemea. Walisema anataka kumnyima yatima kwa ajili ya ubahili. Nami, badala ya kuchukua karatasi na kupiga hesabu kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha, nilitia sahihi upande wa yatima, nikajiona nimefanya jambo la uungwana.

Hesabu niliipiga baadaye, karatasi ya herufi za dhahabu ikiwa mezani mbele yangu. Blanketi shilingi 5,800, na gharama ya kuletwa shilingi 300, jumla 6,100. Kama tungalikwenda Eastleigh tungalilipa shilingi 4,500, na nauli ya matatu kwenda na kurudi shilingi 200; jumla 4,700. Tofauti ilikuwa shilingi 1,400. Yatima alipata nini katika tofauti hiyo? Sehemu 2 katika 100 za shilingi 5,800 ni shilingi 116, ikiwa zilifika. Maana yake, kwa kila shilingi 12 za ziada tulizozitoa, shilingi 1 tu iliahidiwa mtoto, na zile 11 nyingine ziliingia katika mifuko ambayo haikuwa ya yatima. Lau mweka hazina wa harambee ya kijiji angetoa hesabu ya namna hiyo, wazee wangemwita barazani kabla ya jua kuchwa. Lakini sisi tulipewa hesabu hiyo pamoja na neno la ahsante, tukashukuru.

Shilingi 1,400 si mali nyingi kwa mtu wa Muthangari. Hebu tuipime kwa kipimo kingine. Mwaka 2023 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilianzisha mpango wa chakula cha mchana uitwao Dishi na County kwa watoto wa shule za umma za jiji, na mpango ulipoanza mchango uliotakiwa kwa mzazi ulikuwa shilingi 5 kwa sahani, gharama iliyobaki ikichukuliwa na kaunti pamoja na shirika la Food4Education. Kwa kipimo hicho shilingi 116 ni mchango wa mzazi kwa sahani 23. Shilingi 1,400 ni mchango wa sahani 280, idadi inayozidi siku zote za masomo katika mwaka mzima. Basi tulikuwa na mwaka mmoja wa chakula cha mtoto mkononi, tukaubadili kwa majuma manne na nusu na karatasi yenye shukrani.

Wala hatukuhitaji duka lolote kutuonyesha mtoto huyo. Mtu anayekaa Muthangari ana Kangemi upande mmoja na Kawangware upande mwingine. Walinzi wanaotufungulia malango, akina mama wanaotufulia nguo, na hao vijana wanaotuletea maboksi, wengi wao hutoka huko alfajiri kwa miguu na hurudi huko jioni kwa miguu. Ni ajabu kwamba mtu aweza kuamkiwa kila asubuhi na baba wa mtoto asiye na kalamu, kisha akamtafuta mhitaji ndani ya simu, miongoni mwa picha za watoto ambao hata jina la mji wao hakuambiwa.

Yamkini msomaji atasema kwamba nimeyahukumu maduka yote kwa kosa la moja. Basi tuchukue mfano mkubwa uliopata kujulikana, tena wenye heshima kuliko ule wa blanketi letu. Mwaka 2013 duka la Amazon la Marekani lilianzisha mpango ulioitwa AmazonSmile. Mnunuzi alichagua shirika la hisani alipendalo, akanunua vitu vyake kwa bei ile ile ya siku zote, na Amazon ikatoa kwa shirika hilo nusu ya sehemu 1 katika kila 100 za bei. Mnunuzi hakuongezewa hata senti. Mpango huo ulifika baadaye Uingereza na Ujerumani, na mpaka ulipokoma ulikuwa umetoa zaidi ya dola milioni 400. Hilo si jambo la kudharauliwa, na mpinzani wangu ana haki ya kulitaja.

Walakini tazama jinsi fedha hiyo ilivyogawanyika. Mashirika yaliyostahili kupewa yalizidi milioni 1, na Amazon yenyewe, ilipoeleza sababu ya kuufunga mpango, ilisema kwamba wastani wa kila shirika haukufika dola 230 kwa mwaka. Januari 2023 ilitangaza kwamba mpango utafungwa, na tarehe 20 Februari mwaka ule ule ukafungwa. Mashirika yalipewa mkono wa kwaheri uliolingana na mapato ya miezi mitatu ya mwaka uliotangulia. Baadhi ya mashirika madogo yalilalamika sana, maana yalikuwa yamezoea kuweka fedha hiyo katika hesabu zao za mwaka. Hayakuwa na mahali pa kukata rufani. Kijito kilichofunguliwa na mwenye duka kilifungwa na mwenye duka, na mamilioni ya wanunuzi waliojiona kuwa wafadhili kwa miaka zaidi ya 9 hawakuulizwa neno, kwa sababu hawakuwa wafadhili. Walikuwa wanunuzi.

Na nusu ya sehemu 1 katika 100 ni kiasi gani? Anayenunua zawadi ya shilingi 4,000 hutoa shilingi 20. Akitaka kutoa shilingi 2,000 kwa njia hiyo hana budi kununua zawadi za shilingi 400,000. Wakristo wanafundishwa fungu la kumi, ambalo ni sehemu 10 katika 100 za pato. Waislamu wanafundishwa zaka, ambayo katika fedha iliyowekwa mwaka mzima na kufikia kiwango chake ni sehemu 2 na nusu katika 100. Najua kwamba pato, akiba na manunuzi si vitu vya jamii moja, na mwalimu wa hesabu ataniambia nisivilinganishe. Lakini navilinganisha ili kuonyesha mambo ambayo wazee wetu waliona yanafaa kuitwa kutoa, na kitu ambacho sisi tumekubali kukiita kwa jina hilo.

Wapo wanaosema kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa. Nakubali. Ikiwa bei ni ile ile, na bidhaa ni ile ile, na ungalinunua vyo vyote, basi lichague duka linalotoa kitu kuliko lisilotoa kitu. Kukataa kungekuwa ni ukaidi. Lakini jambo hilo liache liwe dogo kama lilivyo. Dhara yake haianzi katika shilingi 20. Huanza katika moyo wa aliyezitoa. Mtu ambaye amekwisha kujiona mkarimu saa nne asubuhi, akiwa amekaa kitini na simu yake, hamtafuti mhitaji saa kumi jioni. Deni limelipwa, karatasi ya dhahabu ni shahidi. Nimewasikia wanachuo wangu wakiambiwa habari ya mwenzao aliyefiwa na baba na kukosa karo, nao wakajibu kwamba mwezi huu wamekwisha kutoa. Nilipowauliza wametoa wapi, walinitajia duka.

Wengine husema kwamba binadamu wa leo hatoi mpaka atiwe chambo: punguzo la bei, zawadi, au picha ya kusikitisha. Hao wamesahau mwaka 2011. Mwaka huo ukame ulipoipiga Turkana na sehemu nyingine za kaskazini mwa nchi yetu, ulianzishwa mchango wa Kenyans for Kenya, ukisimamiwa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pamoja na makampuni makubwa na vyombo vya habari. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa muda wa majuma manne. Lengo lilifikiwa na kupitwa. Watoto wa shule walitoa, makarani walitoa, wauza mboga walitoa kwa simu zao, M-Pesa ikiwa na umri wa miaka 4 tu. Hawakupewa blanketi. Hawakupunguziwa bei ya kitu cho chote. Waliambiwa kwamba kuna watu wenye njaa, na kwamba fedha itapokelewa na shirika fulani lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, lenye ofisi inayojulikana na vitabu vya hesabu. Ilitosha. Naona inafaa kukumbusha kwamba makampuni yalikuwa ndani ya shughuli ile, ili mtu asidhani kwamba nayachukia makampuni. Siku ile yalibeba kikapu, na wananchi wakatia ndani yake. Karatasi ya dhahabu hufanya kinyume: sisi ndio tunaotia, na duka ndilo linaloandikwa jina kuwa mfadhili.

Juu ya picha za watoto nina neno moja zaidi. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na sera yake tangu hapo imekuwa ni kuwarudisha watoto walelewe katika jamaa na jumuiya zao kuliko kuwekwa katika majumba ya hisani. Zilikuwako sababu. Nyumba ya yatima inaweza kuwa nyumba ya rehema. Yaweza vile vile kuwa duka ambalo bidhaa yake ni mtoto. Kwa hiyo anayekuambia kwamba sehemu ya bei inakwenda "kwa watoto yatima", bila ya jina la makao, wala mahali, wala msimamizi, hajakuambia kitu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike kikamilifu na anachokinunua. Na Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha katika biashara. Ahadi ya sadaka inapowekwa chini ya bei ili kuivuta fedha, ni sehemu ya biashara, na anayeitoa hana haki ya kukasirika akiulizwa.

Mimi niliuliza. Nililiandikia lile duka barua fupi ya heshima, nikitaka kujua shilingi 116 zetu zimekwenda kwa nani. Baada ya siku tatu nikajibiwa: "Ahsante kwa kutuunga mkono." Nikaandika tena. Nikapewa habari ya punguzo la bei za mashuka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo aghalabu huchanganywa na hilo, ilhali ni jambo jingine kabisa. Huko Mombasa, kando ya barabara iendayo Malindi, kuna karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza mapambo, nguo, vitu vya ngozi na vya mbao. Katika mtaa wa Karen hapa Nairobi, Susan Wood alianzisha mwaka 1975 kazi ya kutengeneza shanga za udongo pamoja na wanawake wawili waliohitaji riziki. Kazi hiyo iliitwa Kazuri, na ilikua mpaka ikaajiri mamia ya wanawake, wengi wao wakilea watoto peke yao. Ukimnunulia shangazi yako mkufu wa shanga hizo, hujamsaidia mtu kwa kumtupia sehemu 2 katika 100. Umemlipa mtu kwa kazi ya mikono yake. Bei uliyoitoa si sadaka. Ni ujira, na aliyefinyanga udongo ule hana haja ya kukushukuru zaidi ya fundi cherehani anavyokushukuru kwa kushona suruali. Huo ndio ununuzi wa zawadi ninaoweza kuusifu bila ya kujiuma ulimi, ikiwa mfuko wako unauweza. Na usipouweza, usione haya. Bei ya kitu cha mkono huwa kubwa kwa haki, na mwanafunzi mwenye shilingi 500 halazimiki kununua mkufu wa shilingi 2,000 ili athibitishe moyo wake.

Kwa mwenye shilingi 500 nina shauri la namna nyingine, na hapa naomba msomaji asinione kuwa mkali kwa jambo dogo, maana nazungumza juu ya fedha ya watu ambao hawana nyingi. Kuweka akiba katika kununua ni adili. Hakuna ubahili katika kukataa kulipa zaidi ya thamani. Ubahili ni kuishika ile fedha iliyookolewa kana kwamba ulimwengu umekwisha. Basi nunua kwa bei ndogo uwezavyo, na ufanye hivyo kwa macho mawili. Kadirisha gharama ya kuletewa kabla ya kuifurahia bei, kwa kuwa mara nyingi kitu cha shilingi 700 huletwa kwa shilingi 250. Ungana na wenzako muagize mara moja, mgawane gharama hiyo. Iandike bei ya kitu unachokitaka mwezi wa Septemba, katika daftari, kwa wino. Kisha itazame tena Novemba, wakati wa ile minada iitwayo Black Friday, ambayo Jumia na wenziwe waliizoesha nchi hii katika miaka ya nyuma. Yako maduka yanayopunguza kweli. Yako mengine yaliyokwisha pandisha bei Oktoba ili yapate cha kushusha Novemba, na dawa yao ni daftari lako tu. Penye ruhusa ya kulipa mzigo ukifika mkononi, lipa hapo, usilipe kabla. Na kitu kikiwa kiko Gikomba, au Eastleigh, au kwa fundi wa mtaani kwenu kwa bei nzuri zaidi, nenda ukakinunue huko. Mtandao si sheria.

Ukiisha kufanya hayo, utabaki na fedha iliyookolewa. Labda ni shilingi 80, labda ni 1,400. Hiyo ndiyo fedha ya kuitolea hukumu. Nusu yake, au robo yake, au yote, itenge siku ile ile, kabla zawadi haijafungwa, kwa sababu fedha iliyolala mfukoni usiku mmoja huamka ikiwa na mipango yake yenyewe. Kisha umpelekee mtu au chama unachokijua, chenye mweka hazina anayeandika: chama cha akina mama wa mtaani, mfuko wa karo wa kanisa au msikiti, shule iliyo jirani, Msalaba Mwekundu. Jina lako liandikwe au lisiandikwe, hiyo ni juu yako. Lakini uwe umeitoa wewe, ukijua kiasi chake, na ukiweza kesho kuuliza imefanya nini.

Najua linaloweza kusemwa dhidi ya shauri hili. Ni refu. Lina daftari, lina nauli, lina kuuliza, na watu wana kazi. Duka linatoa njia fupi: kubonyeza mara moja, na zawadi na thawabu hufika pamoja. Nakiri kwamba njia yangu ni ndefu. Ila naona kwamba urefu huo ndio unaomfanya mtu amfikiri mwenzake kwa muda unaozidi nukta moja, na sijui namna nyingine ya kumjali mtu.

Mwaka uliofuata alistaafu mpishi wetu mkuu. Kamati ilikuwa mpya, lakini yule binti wa mchuuzi alikuwa bado yumo, na safari hii hakuna aliyemkemea. Walichanga shilingi 7,000. Walilinganisha bei kwa majuma mawili, wakabishana sana, tena kwa kelele, na mwishowe wakanunua mtandaoni saa ya ukutani kwa kuwa huko ilikuwa rahisi, na Eastleigh wakanunua blanketi. Zilibaki shilingi 1,650. Wengine walitaka zinunuliwe keki na soda za sherehe, na kwa kweli hoja yao haikuwa mbaya, maana mpishi mwenyewe alikuwa mpenda keki. Kura zilipopigwa keki ilipata shilingi 650, na shilingi 1,000 zikapelekwa katika shule moja ya msingi huko Kawangware, ambako wanachuo wetu huenda kufanya mazoezi ya kufundisha, ziwe malipo ya chakula cha mchana ya watoto ambao mwalimu wao aliwajua kwa majina. Mwalimu huyo aliandika risiti kwa mkono, katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mahudhurio, mistari yake ikiwa imepinda. Mweka hazina aliibandika katika kitabu cha kamati, ukurasa uleule ambao nilikuwa nimeihifadhi ile karatasi ya herufi za dhahabu.